Ukaguzi wa umeme wa dakika 25

SWALI

Ndugu Mshauri,

Natumaini hujambo na kazi zinakwenda vizuri. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninaishi na mzee wangu Longuo, Moshi, katika nyumba tuliyohamia mwaka 1989. Ina vyumba vinne vya kulala, sebule, chumba cha kulia, jiko na mabafu mawili. Baadaye tuliongeza vyumba vitatu uani, ambavyo tunawapangisha wanafunzi wanaosoma KCMC. Nyaya za nyumba kubwa ni zilezile za mwanzo, na umeme wa uani ulivutwa kutoka nyumba kubwa na fundi wetu wa siku nyingi, kijana tunayemwamini na ambaye tumemwona akikua hapa mtaani. Nimehesabu soketi 28 kwa jumla na swichi za taa 19.

Desemba hii watoto wote wanarudi nyumbani kwa Krismasi, wawili wakiwa na familia zao, na unajua nyumba za Uchaggani zinavyokuwa mwezi huo: kila kitanda kina mtu na kila soketi ina kitu. Niliona ni busara umeme ukaguliwe kabla wageni hawajafika, hasa kwa kuwa mkwe wangu, alipokuwa hapa mwezi Julai akimwogesha mjukuu, aliniambia bomba la bafuni lilikuwa “linamtekenya” vidole kila hita ya shawa ilipowashwa.

Nilimwita kijana wetu. Alizunguka vyumba vyote akiwa na testa ya bisibisi, akaichomeka katika kila soketi, akafungua kisanduku cha breka na kukitazama, akakaza skrubu moja ya swichi ya jikoni, kisha akasema nyumba iko salama. Kwa saa ya ukutani alitumia dakika 25. Aliomba shilingi 30,000, nikampa, na chai akanywa. Kuhusu bafuni alisema ni baridi na maji tu, mambo ya kawaida.

Kwa kuwa moyo haukutulia, nilimwita fundi mwingine niliyeelekezwa na jirani. Huyu aliuliza maswali mengi, akaenda kutazama uani, kisha akasema ukaguzi utamchukua siku nzima, umeme utazimwa kwa saa kadhaa, na gharama ni shilingi 180,000 bila matengenezo yoyote. Mzee wangu alicheka, akasema huyo anatafuta mshahara wa kukaa kivulini. Mwanangu aliyeko Uingereza naye anasema nyumba yake ya vyumba vitatu ilikaguliwa kwa muda wa saa tatu hivi kabla hajaipangisha.

Naomba uniambie ukaguzi kamili wa usalama wa umeme katika nyumba kama yangu unapaswa kuchukua muda gani, na mtu asiye fundi atajuaje kuwa muda huo umekwenda kwenye kazi na si kwenye maonyesho. Pia sijui nimwambie nini kijana wetu bila kumvunjia heshima.

Mwalimu mstaafu,
Longuo, Moshi

JIBU

Mwalimu, shikamoo.

Kabla ya kuzungumzia saa na dakika, naomba uende kwenye kisanduku cha breka ukazime breka ya hita ya shawa, na kama haijulikani ni ipi, uwaambie watu wote wa nyumbani kwamba hita hiyo haiwashwi tena mpaka ipimwe. Maji ya kuoga yapashwe jikoni kwa sasa. Bomba halimtekenyi mtu kwa sababu ya baridi. Linatekenya kwa sababu kuna umeme unaovuja kutoka kwenye hita na kuingia kwenye maji au kwenye chuma, na waya wa ethi ambao ulipaswa kuubeba umeme huo hadi ardhini ama haupo, ama umekatika, ama umelegea mahali fulani. Katika hita nyingi za shawa koili ya kupashia imekaa ndani ya maji yenyewe, hivyo ethi ndiyo inayomlinda anayeoga. Ngozi iliyolowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko ngozi kavu, na leo ni kutekenya, lakini koili ikizidi kuchakaa hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba kesho itakuwa vilevile. Kati ya yote uliyoandika, hili ndilo lisilosubiri mkaguzi.

Sasa swali lako. Kwa nyumba kubwa uliyoieleza, pamoja na vyumba vitatu vya uani, mimi ningetegemea fundi mmoja mwenye msaidizi atumie muda wa kati ya saa tano na saba. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, yenye nyaya zisizo za zamani sana, inaweza kumalizika vizuri kwa saa mbili hadi tatu. Nyumba mpya ya vyumba vitatu yenye kisanduku cha breka kilichoandikwa vizuri, kila breka na kazi yake, haizidi saa nne. Kwako saa zinaongezeka kwa sababu tatu: umri wa nyaya, mkono wa pili uliounganisha uani, na hilo bomba, kwa maana penye dalili ya hitilafu fundi hana ruhusa ya kupima soketi chache na kukisia kwamba zilizobaki zinafanana nazo.

Nisikupe namba bila hesabu yake. Kuuliza historia ya nyumba na kutazama mita, nyaya za nje na mahali ilipo fimbo ya ethi, ile ya chuma iliyopigiliwa ardhini, ni dakika 20. Kupanda juu ya dari kutazama nyaya zilizoguguniwa na panya na maungio yaliyofungwa kwa utepe tu ni dakika 30. Kufungua kisanduku cha breka, kukaza maungio, kutazama waya uliobadilika rangi kwa joto na kulinganisha unene wa kila waya na breka yake ni dakika 40. Kuchomoa vyombo vyote na kupima uzima wa nyaya ni dakika 50 au zaidi. Soketi 28 kwa dakika nne kila moja ni karibu saa mbili kamili. Swichi na taa ni dakika 40, na kupima ethi pamoja na vifaa vya kukata umeme unaovuja ni dakika 40 nyingine. Jumlisha, utapata zaidi kidogo ya saa tano na nusu, na hapo fundi hajanywa maji wala hajaandika ripoti. Fundi wa pili aliposema siku nzima hakukudanganya.

Ila saa peke yake haithibitishi kitu, maana mtu anaweza kukaa kwako siku nzima akizungumza na simu. Ukitaka kumjua mkaguzi bila kuwa fundi, angalia umeme ulizimwa kwa muda gani. Vipimo muhimu kuliko vyote hufanywa nyumba ikiwa haina umeme, swichi kuu ikiwa imezimwa na ikiwezekana kufungwa kwa kufuli ili mtu asiiwashe kwa bahati mbaya wakati mkono wa fundi uko ndani. Kwa nyumba kama yako, kipindi hicho hakiwezi kupungua saa mbili. Kama siku ya kijana wenu friji iliendelea kunguruma na redio haikukatika, basi nyumba ilitazamwa, haikukaguliwa. Kutazama kuna faida yake, na skrubu ya swichi ya jikoni huenda kweli ilikuwa imelegea, lakini neno “salama” halitoki kwenye kutazama.

Hebu nikueleze testa ya bisibisi inasema nini, kwa kuwa nyumba nyingi za Moshi na Arusha hupewa cheti cha mdomo kwa kifaa hicho kimoja. Ile taa ndogo ndani ya mpini inawaka ncha inapogusa laivu, yaani waya unaoleta umeme, basi. Haisemi kama nyutro, waya unaourudisha umeme, imefungwa vizuri, haisemi kama waya una unene wa kutosha, na kuhusu ethi haisemi chochote. Soketi yenye matundu matatu inaweza kuwa na tundu la ethi ambalo nyuma yake hakuna waya hata kidogo, na testa ikawaka kwa furaha ileile. Katika baadhi ya nyumba za zamani, soketi zilizoongezwa baadaye zilivutiwa nyaya mbili tu.

Kuna ubaya mwingine uliofichika zaidi, nao ndio unaonifanya nisipunguze zile dakika nne kwa kila soketi. Baadhi ya mafundi wakikuta hakuna waya wa ethi huchukua kipande kifupi cha waya na kuunganisha tundu la ethi na nyutro nyuma ya soketi. Ukichomeka kile kipimo kidogo chenye taa tatu kinachouzwa madukani, kitaonyesha kila kitu kiko sawa, kwa sababu hakiwezi kutofautisha ethi ya kweli na nyutro iliyovaa nguo za ethi. Siku nyutro itakapokatika au kulegea mahali fulani nyuma, mwili wa friji au wa pasi utapata umeme kamili wa volti 230, na anayeugusa ndiye atakayekuwa njia ya kurudia. Ujanja huo hugundulika kwa kuzima umeme, kutenganisha nyutro na ethi kwenye kisanduku cha breka, kisha kupima kama bado zinakutana. Zikikutana, fundi anaanza kufungua soketi moja baada ya nyingine mpaka aipate yenye kipande hicho, na hapo ndipo saa moja inapopotea bila mtu kuiona.

Kipimo cha pili kinachotaka giza ni kile mafundi wanachokiita kupiga mega. Nyaya hupelekewa volti 500 za mkondo mnyoofu ili kuona kama ngozi yao ya plastiki bado inazuia umeme usipite kwenda mahali pasipotakiwa. Viwango vya kimataifa vinataka usomaji wa ukinzani, yaani uwezo wa kuuzuia umeme, usipungue megaohmu 1 kwa nyumba za volti zetu, na nyaya zenye afya husoma makumi hadi mamia. Mstari, yaani nyaya zinazotoka kwenye breka moja, unaosoma megaohmu 2 umepita kwa sheria, lakini kwa nyumba ya mwaka 1989 ningependa kujua kwa nini umeshuka hivyo, na kama ni ule unaokwenda bafuni, nisingeuacha. Volti hizo 500 zinaweza kuharibu vyombo vya kielektroniki, ndiyo maana kabla ya kipimo lazima televisheni, friji na kilinda-friji chake, king’amuzi, chaja na hata balbu za LED viondolewe au vitenganishwe. Katika nyumba yenye watu kazi hiyo ya kuchomoa na kurudisha ni ndefu kuliko kipimo chenyewe, na ndiyo ya kwanza kurukwa na mwenye haraka.

Kuhusu ethi, naomba mzee nyumbani asome aya hii, kwa sababu nadhani hesabu itamshawishi kuliko maneno. Chukulia waya wa laivu umegusa mwili wa hita, na fimbo yenu ya ethi pamoja na ardhi vina ukinzani wa ohmu 10, ambao ni mzuri sana kwa fimbo moja. Volti 230 kwa ohmu 10 ni ampea 23. Breka ya ampea 32 haitakata kwa ampea 23. Itaendelea kukaa kama hakuna kilichotokea, na mwili wa hita utabaki na umeme. Ukinzani ukiwa ohmu 100, mkondo ni ampea 2.3 tu, na hakuna breka ya kawaida nyumbani itakayoushtukia. Ndiyo maana fimbo peke yake haitoshi, na nyumba inahitaji kifaa cha kukata umeme unaovuja, ambacho mafundi wanakiita RCD. Kile cha kumlinda mtu hushtuka kwa miliampea 30 na kinatakiwa kukata ndani ya milisekunde 300, yaani chini ya theluthi moja ya sekunde. Tazama kwenye kisanduku chako kama kuna kifaa kipana kuliko breka nyingine, chenye kitufe kilichoandikwa T. Kama hakipo, tayari unajua jambo la kwanza litakaloandikwa kwenye ripoti. Kama kipo, bonyeza kitufe hicho, nacho kikate. Lakini kubonyeza kunathibitisha tu kwamba mitambo ya ndani inafanya kazi. Hakupimi kasi yake, wala hakusemi kama nyumba ina ethi. Fundi anapaswa kukipima kwa chombo na kukuandikia milisekunde alizozipata.

Fimbo yenyewe huenda ikamsumbua. Kama uwanja wenu umewekwa pevingi, kuna uwezekano mkubwa fimbo imefunikwa pamoja na kibano chake, na kibano kilichokaa udongoni miaka mingi huota kutu mpaka waya unaushika mchanga badala ya shaba. Ukimwonyesha mahali ilipo kabla hajaanza kutafuta, utampunguzia nusu saa. Kanuni za Uingereza huchukulia usomaji unaozidi ohmu 200 kuwa hauaminiki, kwa sababu unaweza kupanda zaidi ardhi ikikauka. Hilo ni la kuzingatia huku kwetu: ukipima Novemba mvua za vuli zikiwa zimelowesha udongo, fimbo itajisifu. Muombe arudie kipimo hicho kimoja mwezi Februari ardhi ikiwa kavu. Ni kazi ya muda mfupi na haistahili bei ya ukaguzi mpya.

Uani sitakaa sana, ingawa ndiko moto ungeanzia kama ungeanza. Wanafunzi watatu, kila mmoja akiwa na jiko la koili la wati 1,500 na ile hita ya kuchovya kwenye ndoo ya wati 1,000, wakiwasha kwa pamoja saa kumi na mbili asubuhi mwezi Julai, wanavuta wati 7,500, ambazo kwa volti 230 ni zaidi ya ampea 32. Kama waya uliovutwa kutoka nyumba kubwa ni wa milimita za mraba 2.5, ambao ukiwa mstari mmoja wa soketi kwa kawaida hulindwa kwa breka ya ampea 20, breka ingekuwa inakata kila asubuhi. Waulize wapangaji kama inakata. Wakisema haikati kamwe, usifurahi bado, kwani huenda mtu alichoka kusumbuliwa akaweka breka kubwa kuliko waya, na sasa kitakachoungua kwanza ni waya wenyewe, ukutani au juu ya dari. Hita ya shawa nayo ipimwe kwa hesabu hiyohiyo: ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 24, inataka mstari wake peke yake na waya mnene, haitaki kushirikiana na soketi za chumbani.

Mwanao hakukosea kuhusu saa tatu. Huko Uingereza, kwa kanuni za mwaka 2020 zinazohusu nyumba za kupangisha, mwenye nyumba anatakiwa nyaya zikaguliwe na mtu mwenye sifa angalau kila baada ya miaka 5 na kumpa mpangaji nakala ya ripoti. Fundi anayeingia nyumba ya namna hiyo mara nyingi hukuta ripoti iliyopita, breka zilizoandikwa na vyumba vitatu visivyo na nyongeza ya uani, hivyo nusu ya maswali yake yamekwisha kujibiwa. Wako atakuwa anasoma nyumba kwa mara ya kwanza. Ukaguzi wa pili, miaka kadhaa baadaye, ukimwonyesha karatasi za huu, utakuwa mfupi.

Kuhusu nani aifanye kazi hii, omba kuona leseni ya ufundi wa umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na uangalie daraja lake na tarehe ya mwisho wake. Cheti cha mafunzo ya ufundi cha VETA ni ushahidi kwamba mtu amesoma, ni jambo jema, ila leseni ni karatasi nyingine. Wala usihesabu kwamba nyumba ilikwisha kukaguliwa kwa vile ilipounganishwa na TANESCO fomu za wayaringi zilijazwa na kugongwa muhuri; hizo zilihusu nyaya zikiwa mpya. Na mkaguzi yeyote anayetaka kukata lakiri ya mita ya LUKU ili “apime vizuri” msimamishe hapohapo. Mita na kilicho kabla yake ni mali ya TANESCO, na kazi yake inaanzia upande wa swichi kuu yenu.

Kabla ya kulipa mwombe ripoti iliyoandikwa, ambayo kwa kila mstari inataja unene wa waya, ukubwa wa breka, usomaji wa mega na usomaji wa ethi, kwa namba. Ripoti isiyo na namba ni risiti. Mambo aliyoyakuta ayapange kwa uzito: yale ya kuzimwa siku hiyohiyo, yale ya kurekebishwa kabla ya Desemba, na yale yanayoweza kusubiri fedha. Shilingi 180,000 bila matengenezo si bei ya kunishtua kwa kazi ya siku nzima ya watu wawili wenye vyombo, na kwangu kutenganisha ukaguzi na matengenezo ni sifa, kwa sababu fundi anayelipwa kwa kurekebisha tu ana sababu ya kukuta vingi vya kurekebisha. Unaweza kujadiliana naye bei, lakini usijadiliane naye muda. Ukimpunguzia shilingi 50,000 akakubali na papo hapo akasema basi atamaliza ifikapo saa sita mchana, umenunua kitu kingine.

Kijana wenu hana haja ya kuvunjiwa heshima. Kukarabati na kukagua ni kazi mbili, na hata fundi bora hapaswi kuwa mkaguzi pekee wa nyaya alizozivuta mwenyewe. Mwalimu huelewa hili bila kuelezwa, maana mitihani ya taifa haisahihishwi na aliyefundisha darasa. Mwite siku ya ukaguzi, mlipe siku yake, naye awe mwenyeji wa fundi wa pili. Anajua mistari ya uani inapita wapi na boksi za kuungia nyaya zimejificha chini ya plasta gani, na maarifa hayo yanaweza kuokoa saa nzima. Akiwa mtu wa kujifunza atauliza maswali yake mwenyewe kuhusu mega. Baadaye matengenezo mengi anaweza kuyafanya yeye, na mwenye leseni akarudi kupima. La bafuni, hata hivyo, mwambie wazi mbele ya mzee kwamba haikuwa baridi, ili asimwambie hivyo mama mwingine.

Siku yenyewe waanze mapema, saa mbili asubuhi, na waanze juu ya dari, kwa sababu ikifika mchana bati la Moshi halimruhusu mtu kukaa huko zaidi ya dakika chache, na anayetokwa jasho machoni hatazami vizuri. Wapangaji waarifiwe siku mbili kabla ili vyumba viwe wazi na kompyuta zao zichomolewe. Friji iachwe imefungwa muda umeme umezimwa, chakula kitavumilia. Hakikisha uniti za LUKU zipo, kwa kuwa kipimo cha RCD na cha mzunguko wa ethi vinahitaji umeme uwepo, na ni aibu fundi kukaa akisubiri tokeni. Umeme wa TANESCO ukikatika siku hiyo, amalize vipimo vyote vya nyumba iliyozimwa, kisha arudi siku nyingine kwa saa moja hivi kukamilisha vilivyobaki. Hiyo isihesabiwe kuwa kazi mpya, ila nauli yake mpe.